Daftari la Alama: Robo Karne ya BRELA na Njia Ndefu Iliyoitangulia

Tarehe 3 Desemba 1999 Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, ambao Watanzania wengi wanaujua kwa jina la BRELA, ulizinduliwa rasmi chini ya Sheria ya Wakala wa Serikali ya mwaka 1997. Robo karne imeshapita tangu siku hiyo, na hotuba za maadhimisho kwa kawaida huanzia hapo. Mimi naona inafaa kuanzia mbali zaidi. Kazi mbili kati ya zile ambazo wakala ulizikuta mezani, yaani kusajili alama za biashara na kutoa leseni za viwanda, zilianzishwa na serikali ya kikoloni, kila moja kwa sababu zake. Hakuna hata moja ya sababu hizo iliyomtazama mfinyanzi wa Kisarawe wala mshonaji wa Kariakoo. Kumfikisha mtu huyo kwenye daftari la msajili ndiyo kazi iliyochukua muda mrefu kuliko zote, nayo haijaisha.

Alama ilitangulia sheria. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem, Massachusetts, akafika Unguja akiwa konseli wa kwanza wa nchi hiyo. Meli za Salem zilileta kitambaa cha pamba kizito, kisichong'arishwa, na watu wa pwani wakakiita kwa jina la nchi kilikotoka: merikani. Kilipanda na misafara hadi Tabora na Ujiji, na njiani kilikuwa fedha kamili. Kililipa hongo kwa watemi, kilinunua chakula cha wapagazi, kilipimwa kwa dhiraa mbele ya mnunuzi aliyejua vizuri kutofautisha kizito na chepesi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, vilikata shehena hiyo. Viwanda vya Uingereza, na baadaye vya Bombay, vikajaza pengo kwa vitambaa vya kuiga, na vyote vikaendelea kuuzwa kwa jina la merikani. Hapakuwa na ofisi ya kupeleka malalamiko. Jina lilikuwa limeshakuwa la kila mwenye duka.

Wafanyabiashara wa pwani hawakusubiri serikali iwatatulie jambo hilo. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Mombasa, kwa Kaderdina Hajee Essak, ambaye biashara yake ya khanga inahesabiwa tangu 1887. Khanga zake zilichapwa maneno yaliyokuja kujulikana pwani nzima: K.H.E. Mali ya Abdulla. Mwanamke aliyenunua doti ya khanga alijua ni nani wa kuulizwa rangi ikichuja inapofuliwa mara ya kwanza. Ukitaka kueleza kazi ya alama ya biashara kwa mtu ambaye hajawahi kusikia habari zake, huhitaji kitabu cha sheria. Inamwambia mnunuzi mali hii imetoka kwa nani, inamfunga muuzaji na sifa yake mwenyewe, na inamzuia jirani asiuze mali duni chini ya sifa ya mwingine. Kaderdina alifanya yote matatu kwa maneno machache yaliyochapwa kwenye nguo.

Sheria yenyewe ilikuja na meli kama kitambaa. Uingereza ilifungua daftari lake la kwanza la alama tarehe 1 Januari 1876, na alama iliyoandikwa namba moja ilikuwa pembetatu nyekundu ya kiwanda cha bia cha Bass. Himaya ilipotanuka, daftari lilitanuka nayo. Zanzibar, iliyofanywa nchi lindwa mwaka 1890, ilipata dikrii yake na daftari lake. Tanganyika ilipitia kwanza mikono ya Wajerumani, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikawekwa chini ya Uingereza kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa. Tofauti hiyo ya asili ina matokeo hadi leo. Alama iliyosajiliwa Bara hailindwi Visiwani, na iliyosajiliwa Visiwani haina nguvu Bara. Mwenye mali anayevuka bahari kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja analipa mara mbili na kusubiri mara mbili.

Kwa upande wa hataza, yaani haki za uvumbuzi, ukoloni ulikuwa mkali zaidi. Chini ya sheria ya Tanganyika ya 1931, hataza haikuweza kutolewa hapa nchini kwa mara ya kwanza. Kilichowezekana ni kuandikisha upya hataza iliyokwisha kutolewa Uingereza. Mtu wa Moshi aliyebuni mashine ya kumenya kahawa alipaswa kwanza kuomba London, apewe London, ndipo arudi Dar es Salaam kuandikisha. Sheria ya namna hiyo inasema wazi, bila kutamka, kwamba haikutarajia uvumbuzi wowote kutoka kwa wenyeji.

Daftari la alama lilikuwa na mlango mpana kidogo, kwa sababu maombi yalipelekwa moja kwa moja kwa msajili wa hapa. Lakini angalia ni mali gani ilikuwa inajaa madukani: sabuni, biskuti, dawa za kichwa, sigara, baiskeli, majembe, vyote vya kuagizwa. Wenye mali hizo walikuwa na mawakili, walijua Kiingereza cha fomu, na walikuwa na sababu ya kuogopa waigaji. Mtengenezaji mwenyeji hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Baadaye daftari lilifuata mfano wa sheria ya Uingereza ya 1938, na alama ya urithi huo ipo hadi leo: Uingereza ya wakati ule ilitoa ulinzi wa miaka 7 ya kwanza, na Tanzania bado inatoa miaka 7 ya kwanza, kisha 10 kwa kila uhuishaji.

Sasa tuje kwenye viwanda vyenyewe, maana alama bila kiwanda ni jina lisilo na mali. Je, serikali ya kikoloni ilivipa viwanda vya ndani motisha gani? Kwa Tanganyika jibu lina vikwazo viwili ambavyo vinasahaulika. Mkataba wa udhamini uliitaka Uingereza iwape raia wa nchi zote za Shirikisho haki sawa za biashara, na mikataba ya Bonde la Kongo ilizuia ushuru wa kubagua mali kwa nchi ilikotoka. Ndiyo sababu vitambaa vya Japani viliweza kufurika Afrika Mashariki katika miaka ya 1930 huku Manchester ikilalamika. Kikwazo cha pili kilikuwa jirani. Katika miaka ya 1920 Tanganyika iliingizwa katika umoja wa forodha na Kenya na Uganda, na ushuru wa pamoja uliwekwa ukiwaangalia zaidi walowezi wa Kenya, wenye ngano, siagi na sukari yao. Mkazi wa Dodoma alilipia unga bei ya juu ili mkulima wa Njoro apate faida. Kinga ya viwanda vya ndani ilikuwepo, ila hiyo ndani ilikuwa Nairobi.

Na palipojitokeza kiwanda cha Tanganyika chenye uwezo wa kweli, kilizimwa. Mkonge uliletwa Tanga na Richard Hindorf mwaka 1893, ukawa zao kubwa la kuuza nje. Nchi iliyozalisha singa kwa wingi kiasi hicho ilikuwa na kila sababu ya kusokota kamba zake yenyewe, na katika miaka ya 1930 kiwanda cha kamba kilianzishwa kikauza Uingereza kwa bei ya chini kuliko ya wasokotaji wa kule. Wenye viwanda vya kamba vya Uingereza walipeleka malalamiko kwa Wizara ya Makoloni. Serikali ya London ilichukua upande wao, ushuru ukatumika kama rungu, na kabla ya Vita Kuu ya Pili usokotaji huo ulikuwa umekwisha. Singa ziliruhusiwa kupanda meli, kamba hazikuruhusiwa. Kila anayesema ukoloni ulishindwa kuleta viwanda kwa sababu ya ukosefu wa malighafi au soko aelezwe habari hii kwanza.

Vita vilibadilisha hesabu. Meli zilipopungua, serikali za Afrika Mashariki zililazimika kufikiria kutengeneza vitu hapa hapa, na mwaka 1943 Baraza la Viwanda la Afrika Mashariki likaundwa. Kutoka hapo zikaja sheria za leseni za viwanda za 1948, zilizotungwa kwa pamoja Kenya, Uganda na Tanganyika. Utaratibu wake ulikuwa hivi: bidhaa fulani, zikiwemo nguo za pamba, ziliwekwa kwenye orodha, na yeyote aliyetaka kuzitengeneza alihitaji leseni ya chombo cha pamoja. Mwenye kiwanda tayari alikuwa na nafasi ya kupinga mgeni asiingie. Motisha ilikuwa hiyo: uhakika wa soko la nchi tatu kwa anayethubutu kuwekeza mtaji. Pembeni yake kulikuwa na sheria ya kuvirudishia viwanda vya ndani ushuru wa forodha uliolipwa kwa malighafi kutoka nje.

Nadhani wazo la kurudisha ushuru lilikuwa zuri, na hata leo lingetetewa. Leseni, hapana. Ilimlinda aliyewahi, na waliowahi walikuwa Nairobi, wenye reli, benki na umeme. Uganda ilipata nafuu kwa kuunda shirika lake la maendeleo mwaka 1952 na kujenga kiwanda cha nguo Jinja, karibu na bwawa la Owen Falls lililofunguliwa 1954. Tanganyika ilipata kidogo sana: kusindika nyama Kawe, kuchambua pamba, kukoboa kahawa na mkonge, bia, na vitu vya aina hiyo. Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki iliyotoa ripoti yake 1955 ilishauri mfumo wa leseni uondolewe. Haukuondolewa. Wakati wa uhuru, rafu za maduka ya Dar es Salaam zilikuwa zimepangwa Kimbo na Blue Band kutoka Nairobi.

Serikali ya uhuru ilirithi daftari na leseni kwa pamoja, na haikuvitupa. Mwaka 1963 Tanganyika ilijiunga na Mkataba wa Paris wa kulinda mali za viwandani, na mwaka huo huo ikatunga Sheria ya Alama za Bidhaa, ambayo hadi leo ndiyo silaha ya Tume ya Ushindani inapoteketeza bidhaa bandia. Mwaka 1964 viongozi wa nchi tatu walikutana Kampala kugawana viwanda: Tanganyika ilipewa matairi, redio, mabati ya alumini na kuunganisha magari ya Land Rover, Uganda ikapewa baiskeli na mbolea, Kenya balbu za umeme. Kenya haikuidhinisha makubaliano hayo, na kiwanda cha matairi kikajengwa Nairobi pia, licha ya kile cha Arusha. Somo lilikuwa kwamba leseni ya pamoja haiwezi kuwa na nguvu kuliko masilahi ya nchi moja moja.

Kisha ukafika mwaka 1967. Azimio la Arusha lilipotangazwa, Serikali ilichukua hisa nyingi katika makampuni saba, likiwemo la viatu la Bata. Majengo yalichukulika, mashine zilichukulika, wafanyakazi walibaki pale pale. Jina la Bata halikuja. Kiwanda kikawa cha Tanzania Shoe Company na viatu vyake vikauzwa kwa jina la Bora, jina jipya lililopaswa kujengewa sifa kuanzia chini. Sijui tukio jingine katika historia yetu linaloonyesha thamani ya alama kwa uwazi kama hilo. Dola nzima, yenye uwezo wa kutaifisha mabenki na mashamba, ilijikuta haina uwezo juu ya herufi nne zilizosajiliwa, kwa sababu sifa ya herufi hizo ilikaa kichwani mwa mnunuzi na haki yake ilikaa kwenye madaftari ya nchi nyingi.

Mwaka huo huo wa 1967 Bunge lilitunga Sheria ya Viwanda vya Taifa, ya leseni na usajili, namba 10. Ilirithi fikra ya leseni ya kikoloni na kuigeuza kuwa chombo cha kupanga uchumi wa nchi moja. Kiwanda kikubwa kilihitaji leseni, kidogo kilitosheka na hati ya kuandikishwa. Viwanda vilijengwa kweli: saruji ya Wazo Hill, ambayo mifuko yake yenye jina la Twiga inajulikana kila kona, ilikuwa imeanza 1966, na kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa 1968 kwa msaada wa China. Nyumba nyingi za nchi hii zilivaa khanga na vitenge vya Urafiki kwa miaka mingi, na jina hilo liliheshimiwa.

Lakini pale ambapo kila bidhaa ina mtengenezaji mmoja tu, tena mara nyingi haipatikani, alama hulala. Mama aliyepanga foleni ya sabuni mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakuuliza ni ya aina gani. Aliuliza kama ipo. Nasema hivi bila kuwadharau waliokuwa ofisini wakati huo, maana waliyatunza majalada katika hali ngumu na bila kazi yao pasingekuwa na cha kurithi.

Kilichoamsha daftari ni kufunguliwa kwa milango ya biashara. Mwaka 1986, mwaka ambao nchi ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, Bunge lilipitisha Sheria ya Alama za Biashara na Huduma, namba 12. Kwa mara ya kwanza benki, hoteli na wasafirishaji waliweza kusajili alama zao sawa na watengeneza bidhaa. Mwaka uliofuata ikaja sheria mpya ya hataza, iliyofuta ulazima wa kupitia London. Zote mbili hazikuanza kutumika hadi 1994. Kuchelewa huko kuligharimu, kwa sababu ndiyo miaka ambayo makontena ya bidhaa za nje yalikuwa yakimiminika bandarini, halisi na bandia zikiwa zimechanganyika, na mtengenezaji wa ndani alikuwa akitegemea sheria ya mkoloni kujitetea.

Ndipo tunafika 1999. Kabla ya hapo usajili wa kampuni, majina ya biashara, alama, hataza na leseni za viwanda ulikuwa kazi ya idara ndani ya wizara, ukiendeshwa kwa bajeti na kasi ya wizara. Wakala mpya ulipewa mamlaka ya kujiendesha na kukaa katika jengo la Ushirika, Mtaa wa Lumumba, mtaa ambao zamani uliitwa New Street na ambako TANU ilizaliwa mwaka 1954. Kwa miaka mingi kupata huduma kulimaanisha kusafiri. Mtu wa Kigoma au Songea alilala kwenye basi ili kuulizia kama jina lake limekubaliwa. Mfumo wa usajili kwa njia ya mtandao ulioanza 2018 ulikata safari hizo, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo hatua kubwa kuliko zote katika miaka hii 25. Mfumo una matatizo yake, watumiaji wanayajua, lakini umbali umeondolewa.

Utaratibu wenyewe wa alama si mgumu kama unavyosimuliwa. Mwombaji huwasilisha alama yake na kutaja aina ya bidhaa au huduma. Msajili hupekua kuona kama inafanana na iliyopo, kama inapotosha, au kama ni neno la kawaida ambalo hakuna anayestahili kulimiliki peke yake. Ikikubaliwa hutangazwa katika jarida, na yeyote mwenye pingamizi ana siku 60 za kulileta. Bila pingamizi, hati hutolewa. Asiyeridhika na uamuzi wa msajili ana Mahakama Kuu.

Hata hivyo kuna mali ambazo mlango huu hauzitoshi. Madini ya bluu yaliyopatikana Mererani mwaka 1967 yalipewa jina la tanzanite na duka la vito la Tiffany la New York mwaka uliofuata. Jina linalobeba nchi yetu lilibuniwa ng'ambo na kutangazwa ng'ambo. Na kati ya 2006 na 2008 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili kule neno kikoy kama alama yake. Wakenya, wakisaidiwa na wanaharakati wa biashara ya haki wa huko huko Uingereza, walipinga hadi ombi likaachwa. Kikoi ni nguo ya pwani nzima, kutoka Lamu hadi Kilwa na Unguja, na hakuna kampuni moja inayoweza kudai neno hilo ni lake. Lakini hakukuwa na chombo chochote cha pwani kilichokuwa kimeliandikisha neno hilo kwa niaba ya wafumaji wake.

Dawa ya mambo kama hayo ni ulinzi wa majina ya asili ya kijiografia, unaomilikiwa na wazalishaji wa mahali kwa pamoja. Zanzibar ilitangulia. Sheria yake ya Mali za Viwandani ya 2008 ina sehemu hiyo, na karafuu ndiyo mfano ulio wazi wa zao linalostahili. Sheria ya Bara ya 1986 haina mlango huo. Mchele wa Kyela, kahawa ya Kilimanjaro, asali ya Tabora, vinyago vya Wamakonde, vyote vinauzwa na yeyote kwa jina lolote.

Wabunge wanaoombwa kila mwaka kuunga mkono viwanda vya ndani waanze na jambo hilo, kwa sababu halihitaji mtaji wala misamaha ya kodi, linahitaji sheria. Na wewe unayesindika pilipili Muheza, unayeshona viatu Mwanza, unayekausha dagaa Kigoma ukaweka kwenye pakiti yenye jina ulilolibuni mwenyewe: likague jina hilo kwenye mfumo wa BRELA leo, na kama liko huru, lisajili kabla mteja wako wa kwanza wa jumla hajalisajili yeye.